Daftari la Masengo

Saa kumi na moja alfajiri, umeme haujarudi Katuba,
nalala chali kwenye sementi
nikivuta goti la kushoto kwa mpira wa tairi ya baiskeli.
Goti linalia kama mlango wa banda la kuku.
Masengo hageuki kitandani:
"Hesabu polepole, watoto wamelala."

Nina miaka arobaini na sita.
Kwa bwana wa duka la vipuri anayeninunulia viatu
niliandika arobaini na moja.
Mgongo wangu haukusoma ile fomu.

Nilianza kwa kubeba.
Mifuko ya wahandisi wa shaba, mizito kuliko mdogo wangu,
mashimo kumi na nane kwa mkate na soda moja.
Hapo ndipo bega la kulia lilipojifunza kushuka.
Fimbo yangu ya kwanza niliiokota imevunjika shingo,
nikaifunga kwa waya wa shaba.
Mji huu, hata ufukara tunaufunga kwa shaba.

Siku hizi wananiita mchezaji wa kulipwa.
Kulipwa na nani, huuliza shemeji yangu,
akijimegea bukari.
Jibu analo Masengo, kwenye daftari la jalada la bluu
lenye safu mbili zisizolingana,
kama mimi nikitembea.

Nawej ana miaka kumi na tisa.
Mpira wake ukiondoka hauagi.
Ananyanyua makopo ya rangi aliyoyajaza zege,
halali na njaa makusudi, halewi,
na kiunoni hana hata mkanda wa dawa.
Jana kwenye shimo la tano, kando ya ziwa,
alinipita mita arobaini.
Jioni kadi zetu zote mbili zilisema sabini na mbili.
"Papa," akaniuliza, "utaacha lini?"
Nikainama kufunga kamba ya kiatu,
kamba iliyokuwa imefungwa,
kwa sababu kuinuka kungenipa muda.

Sikumweleza habari ya Ndola.

Siku ya nne, shimo la mwisho, mita mbili.
Nyumbani hulenga kwa kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuri;
kule hakuna kilima, sikujua macho niyaweke wapi.
Aliyeandika alama alikuwa anapiga miayo.
Mpira ukiingia: nafasi ya nane, dola mia tatu themanini.
Ukikataa: nagawana na watu watatu, dola mia na tisini.
Kati ya hapo na hapo
alikuwa amesimama Kabedi na sare yake ya shule,
juu ya nyasi, mahali hasa pa kupitia mpira.
Nilimwomba asogee.
Nilipiga.
Ukazunguka mdomo wa shimo
kama mdaiwa anayekwepa mlango wa duka,
kisha ukadumbukia.

Nikarudi kwa basi, nimesimama mpaka Kasumbalesa,
maana kukaa kulikuwa kunauma zaidi.
Masengo akafungua daftari, akalowesha kidole.
Kiingilio, mia mbili, za likelemba, zirudi Jumamosi.
Basi na mihuri ya mpaka, hamsini na nane.
Chumba cha watu wanne, thelathini na sita.
Chakula, thelathini. "Ulikula nini?" Maharagwe.
Dawa ya kuchua, kumi na tano.
Mipira, sifuri: watoto waliipiga mbizi ziwani.
Akapiga mstari chini kwa rula ya Kabedi.
Arobaini na moja.
Tukatazamana.
Umri wangu wa uongo, kwa dola.

Alicheka kwanza yeye.
Halafu akashika kalamu, hakuandika,
akaniangalia mguu nilioutundika juu ya kiti:
"Na hili goti, niliweke safu gani?"

Nikamwambia liache nje kwanza.

Ndiyo maana alfajiri hii niko chini hapa.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Taa imewaka ghafla, friji inakohoa,
Kabedi anauliza nani ameamka.
Kumi na tisa.