Mafua ya Watu Wawili

Tuliyapata usiku mmoja, kitanda kimoja,
mimi na Bwana Shee wangu,
kwa mjukuu aliyekuja kutuamkia
akatuachia kamasi, akapanda boti kurudi Mokowe.

Alfajiri koo lake lilikuwa chokaa,
langu miiba.
Tukatazamana kama wezi waliokutana dirishani.

Yeye hakungoja chai.
Alikwenda duka la dawa, nyuma ya Mkunguni,
akarudi na kijisanduku cha vidonge vya kumumunya.
Zinki, alisema, ile ile wanayopaka bati lisishike kutu.
"Sasa mimi ni paa. Mvua ya puani hainipati."

Twalib muuzaji alikuwa mkweli kuliko biashara yake.
Alimwambia: anza leo, kesho kutwa umechelewa.
Usitafune, usimeze, acha kiyeyuke chenyewe,
kila saa mbili tatu, maadamu u macho.
Huenda ukapunguziwa siku moja, pengine mbili,
huenda usipunguziwe kitu ila pesa.
Waliopima wamepima, na bado wanabishana.

Mimi nilikataa. Si kwa ujuzi:
vidonge vilikuwa vya mtu mmoja
na hakuniuliza kama nataka.
Nikachemsha tangawizi, nikakamua ndimu,
nikashika kofia ya bwana harusi niliyokuwa nikiidarizi.
Kila siku ya mafua, nikasema, uzi mwekundu upande wa ndani,
kushoto wake, kulia wangu.

Siku ya pili mahamri yalikuwa na ladha ya ufunguo.
Siku ya tatu kahawa ilikuwa msumari,
samaki wa nazi shilingi ya zamani,
na tumbo likamchafuka.
"Dawa kweli hii," akasema, uso umemkunjamana.
Ndivyo tulivyolelewa, kwa shubiri na muarubaini:
uchungu ndio ushahidi.

Siku ya nne nilimtilia karatasi chini ya mto:

*Mumunya wangu mwandani, mumunya pole kwa pole,*
*Zinki iwe ulimini, tangawizi iwe kule,*
*Tutajua kwa yakini, nani atapona mbele,*
*Ila mwenye jiko nani, na nani kalala tele?*

Akacheka mpaka akakohoa.
Kikombe hakukiosha.

Siku ya tano aliamka, akanusa udi kutoka chumba cha pili,
akavaa kanzu, akatoka kuitangaza zinki barazani.
Mimi niliendelea mpaka siku ya saba.

Nyuzi tano. Nyuzi saba.
Tofauti mbili, kama alivyosema Twalib,
na ningeliachia hapo, kama si mgongo wangu kuniuma.
Maana siku zile tano yeye alikuwa chini ya blanketi,
na maji yalitoka kisimani kwa mkono gani?
Mgonjwa haulizwi uji;
muuguzi haulizwi kitu.
Nilishona mpaka usiku wa manane, harusi ilikuwa Alhamisi.
Sasa niambieni: ni zinki, au ni usingizi?

Nikamwendea Twalib. Akavua miwani.
"Watu wawili si kipimo, mama.
Hukusanywa mamia, nusu wakapewa chenyewe,
nusu kidonge kitupu kinachofanana nacho,
na asijue mtu kapewa kipi."
Nikamuuliza, na ulimi je?
Ladha ile ya ufunguo, nani asiyeijua?
Akanyamaza kidogo.
"Hapo," akasema, "hapo ndipo wanapobishana."

Kofia imekwenda harusini.
Ndani yake, palipogusa nywele za kijana wa watu,
mna mafua yetu, kushoto na kulia,
na hakuna aliyeyaona.

Nami nimenunua kijisanduku changu.
Kimo ndani ya kopo la sindano, chini ya vifungo.
Safari ijayo mimi ndiye paa:
nitamumunya, nitalala, nitalalamikia mahamri,
na Bwana Shee atachota, atachemsha, atahesabu nyuzi.

Mjukuu nimemwalika Ijumaa.
Nasikia ameanza kupiga chafya.