Mtangazaji

Alikuja mwaka nilipotimiza ishirini na mbili,
mtangazaji wa mpira, ndani ya sikio la kushoto.
Hakuwa na uwanja mwingine ila mimi.
Nikifungua jokofu: "Taneli anasogea, anachukua maziwa,
lo! Amekosa! Amekosa tena!"
Nikienda haja, alitangaza.
Nikimsalimu jirani, alihesabu makosa.
Miaka mitatu mashabiki walinizomea
bila kipenga cha mapumziko.

Kisha hospitali ya Oulu, wodi ya pili:
vidonge viwili vyeupe asubuhi, kimoja cha njano usiku.
Siku ya kumi na tisa akakatika katikati ya sentensi.
"Na sasa Taneli ana..."

Kimya.
Theluji juu ya theluji.

Daktari Paasonen akatuonyesha karatasi:
tisini na nne imekuwa arobaini na tisa.
Mama akalia, akampa mkono, akampa na kopo la jamu.
Nami nikasema asante
kwa mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Hakuna aliyeniuliza kimya kile kilikuwa na nini ndani.
Nililala saa kumi na nne. Nikaongeza kilo ishirini na moja.
Kahawa haikuwa na ladha, wala Hilkka,
aliyekuja Jumapili mbili; ya tatu hakuja, simlaumu.
Nilikaa dirishani nikitazama watu juu ya baiskeli
katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri,
ndevu zimewaganda, taa zinacheza,
nikawaza: wale wana mahali pa kwenda.

Walimzima mtangazaji, sikatai, na shukrani ninayo.
Ila swichi ilikuwa moja,
chumba kizima kikazimika.
Nami niliyezimwa nikaambiwa:
sasa u mzima.

Sikupona siku fulani. Usinitafutie tarehe.
Alikuwapo Sirkka, muuguzi mwenye viatu vya kulia lami,
akauliza, "Wewe unataka nini?"
Nilizoea kuulizwa nasikia nini.
Nilikaa na swali hilo wiki nzima kama mfupa kooni,
ndipo nikasema: baiskeli.

Karakana ya mzee Juntunen iko nyuma ya kiwanda cha karatasi.
Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa nikiweza.
Mikono ilitetemeka, spoki zikamwagika sakafuni,
Juntunen akaziokota, hakusema neno;
hata na mkewe hasemi.

Dozi tuliipunguza pamoja, daktari na mimi,
robo kwa robo, kwa miezi,
kama watu wawili wanaovuka ziwa mwezi Machi
wakisikiliza barafu.
Kahawa ikarudi kwanza.
Kisha yeye.

Lakini hana tena uwanja. Ni redio ya jirani,
ng'ambo ya ukuta, betri zinakwisha:
"Taneli anakaza nati... ataikosa..."
Nakaza nati.
Zipo siku hupandisha sauti. Siku hizo nampigia Sirkka,
na sioni haya.
Mara moja nilimpeleka hadi Ghuba ya Bothnia,
bahari yote imelala chini ya barafu,
nikamwambia: haya, tangaza na hii.
Akakosa la kusema.

Jana, karatasi tena. Hamsini na nane.
"Imepanda," akasema Paasonen, kalamu hewani.
Nikaweka funguo mbili mezani:
ya chumba ninacholipia mwenyewe,
na ya kufuli la baiskeli nyekundu
ambayo Hilkka ataijia Alhamisi,
au hatakuja; gurudumu limenyooka hata hivyo.
"Hizi," nikauliza, "unaziandika wapi?"

Aliitazama karatasi, juu hadi chini.
Akaigeuza.
Upande wa pili haukuwa na mstari hata mmoja.
Akanisogezea kalamu.