Nyuzi Thelathini

Kitanda chako, Rispa, wamekiinua upande wa kichwa.
Nyuzi thelathini, anasema nesi,
wala hana kipimapembe.
Ungekuwa macho ungemsahihisha.

Mimi fundi wa mabomba, Nyalenda yote wananijua.
Daktari Lusweti alipochora duara nyuma ya fomu
akasema, "Damu imevuja ndani, ubongo umevimba,
na fuvu si puto, halitanuki,"
sikuhitaji anirudie.
Nimeona tangi la chuma lisilo na kipumulio.
Niliuliza tu: mtafungulia wapi?

Wakanyoa nywele ulizosuka Jumamosi kwa mia sita.
Wakatoa kipande cha mfupa, upana wa kiganja,
wakakihifadhi chini ya ngozi ya tumbo lako
kama shangazi anavyofundika noti kwenye pindo la leso.
Tumbo lile lile lililobeba Apiyo na Adongo kwa mpigo
leo limebeba kichwa chako.

Dripu ya manitoli inafyonza maji ubongoni,
yanashukia kwenye mfuko kando ya kitanda.
Nausoma kila saa, kama mita.

"Siku ya tatu mpaka ya tano," daktari alionya,
"uvimbe hupanda kabla ya kushuka."
Nikakumbuka ziwa mwaka ule kule Dunga:
lilimeza choo cha Owiti, likameza shamba la sukuma,
likakaa.
Liliporudi halikumwomba mtu radhi,
na mstari wa matope uko ukutani hadi leo.

Mama yako akauliza: atapona?
Lusweti akavua miwani.
"Ataishi, nadhani.
Atakuwa nani, sijui bado."

Siku ya sita nesi alikufinya ukucha,
mkono wa kushoto ukamkwepa.
Wa kulia, wa chaki, ukalala tu.
Mimi nilitoka nje nikalia karibu na jenereta,
mahali ambapo kelele inamsitiri mtu.

Siku ya kumi na moja wakachomoa bomba la koo.
Nilikuuliza la darasa la tatu, Mungu anisamehe,
sikujua la kusema:
saba mara nane?

Ulinitazama muda mrefu.
Midomo ikatafuta, ikakosa, ikatafuta.

"Maji."

Sikukusahihisha.
Nililowesha kitambaa,
nikakigusisha mdomoni taratibu,
mkono wangu mwingine ukikinga upande ule laini
unaopiga kama utosi wa mtoto mchanga.