Vijicho vya Kofia

Ibra, mwezi wa sita. Kiyoyozi kinakoroma.
Bi Shinuna anatunga uzi kwenye sindano:
mara moja tu, umepita.

Mwaka juzi mkono ulitetemeka,
kahawa ikamwagikia mkeka mbele ya wakwe,
moyo ukikimbia, naye amekaa.
Kofia ya Mundhir ikabaki nusu,
vijicho vikimkodolea
kama macho yake mwenyewe kiooni.

Asubuhi daktari kasoma karatasi: kingamwili zimeshuka,
vidonge kaviacha tangu Rajabu, shingo imetulia.
“Nimepona?”
“Ugonjwa umelala. Miezi mitatu, urudi utoe damu.”

Haya. Mgeni aliyelala sebuleni
hupitwa kwa kunyata.
Anaandika tarehe kwa penseli
ndani ya ukingo wa kofia,
anatoboa kijicho kingine.