Zaire Tano

Kwa miezi kumi na mmoja sikuegesha gari hili
ila pua yake ikitazama chini.
Bukavu hainyimi mtu mteremko.
Asubuhi naachia freni, Nguba inanivuta,
natia gia ya pili, naachilia klachi ghafla,
na Korola ya marehemu baba, ya mwaka themanini na nne,
inakohoa, inatukana kidogo, inakubali.

Nikikwama penye usawa, mbele ya kioski ya Mama Cibalonza,
Murhula na Cishugi hutoka mbio kusukuma.
Bei yao biskuti, pakiti moja kila mmoja,
na honi mara mbili gari likiwaka.

Fundi wa kwanza, kule Kadutu, alisikiliza akiwa amesimama:
"Demareri imekufa, mama. Dola tisini."
Wa pili hakusikiliza. Alisema batri.
Nikanunua batri. Nikageuza kontakti:

tak.

Tak moja tu, kama jirani anayesonya
ukimwomba chumvi kwa mara ya tatu.

Jumapili baada ya misa nikavaa koti la kazi la baba,
lile la kiwanda cha kwinini, mifuko yake bado ina vumbi chungu,
nikatandika gunia.
Nsimire, binti yangu, akakaa kwenye usukani.
"Washa taa. Sasa geuza."
Taa zikazama, zikarudi.
Kumbe njaa ipo na ghala limejaa.

Nikamwaga maji ya moto kwenye vichwa vya batri,
unga wa kijani ukayeyuka kwa povu.
Tak.
Nikasugua kwa mswaki mkuukuu.
Tak.
Byadunia, aliyeegemea ukuta wetu tangu saa nne,
akashauri niliuze kwa kilo.

Baba hakunifundisha gari. Nilikuwa msichana;
kazi yangu ilikuwa kushika tochi
na kugombezwa kwamba namulika miguu yake.
Lakini mshika tochi ana masikio.
"Umeme ni mgeni," alikuwa akiiambia moteri, si mimi.
"Usiulize tu kaingilia wapi.
Uliza anarudi kwao kwa njia gani."

Dola tisini, batri mpya, na hakuna aliyeuliza njia ya kurudi.

Nikaazima waya mnene,
nikaunga kichwa cheusi cha batri na mfupa wa moteri.
"Geuza."
Nsimire akapiga yowe. Moteri iliruka
kama mbuzi aliyekanyagwa.

Basi nikaufuata waya mweusi wa zamani kwa kidole,
chini ya sahani ya batri, ndani ya tope la masika mengi,
hadi kwenye bolti iliyolala na kutu yake.
Kle ya kumi na mbili ikateleza, ikanichubua.
Nikatia mafuta ya taa. Nikanywa chai.
Kutu haipendi mtu wa haraka.

Ilipoachia, kikadondoka kiganjani kitu cha duara.
Si rondele.
Zaire tano.

Siku hiyo baba alikosa rondele,
na pesa ilikuwa ikioza mifukoni mwa watu;
akaitoboa sarafu katikati ya uso.
Noti za wakati ule tulifungia karanga.
Hii moja ilibaki kazini, gizani, bila mshahara,
ikipitisha umeme kurudi nyumbani
mpaka kutu ilipoiziba mdomo.

Nikaipiga msasa ikawa manjano.
Byadunia akanirushia rondele mpya toka mfukoni, bure;
sikujua kwamba hutembea nazo.
Nikaitia kwenye koti.
Nikarudisha zaire tano mahali pake, nikakaza.

Gari likawaka penye usawa, mbele ya kioski.
Murhula na Cishugi wakatazamana.
"Na biskuti?" akauliza mdogo.
Nikalipa za leo. Nikalipa na za kesho.

Jioni nilirudi na mvua.
Nilikuwa nimeshafunga mlango, funguo mkononi,
nilipoona nimeliegesha pua chini.