Mapatano ya Junda

Bi Zuhura hakunikaribisha ndani kwanza.
Alinizungusha nyumba yote kwa nje,
ncha ya kanga ameiuma kwa meno,
akinionyesha aibu za nyumba kabla ya uzuri wake.

"Huku nyuma makuti, na popo wamo, sikufichi.
Mbele mabati. Ikinyesha, hata adhana huisikii.
Kisima kina chumvi, ni cha kuogea na kufulia.
Ya kunywa utamwita Kadzo na mkokoteni wake,
mtungi shilingi ishirini, na usimpunguzie,
asomesha."

Nikataja elfu kumi na tano kwa mwezi, miezi minne.
Akawageukia kuku: "Mwamsikia?"
Kisha kwangu: "Ishirini na mbili."
"Nyumba ina popo, Bi Zuhura."
"Popo sijakuhesabia."

Tukaketi barazani. Mjukuu wake, Bakhitani,
akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu,
akaandika MAPATANO, akapigia mstari kwa rula
mara mbili.

Minazi ni kumi na mmoja. Tuliigombania saa nzima.
Nazi zinazoanguka zenyewe ni zangu,
zinazoanguliwa ni zake.
"Na upepo ukiziangusha usiku?" akauliza mtoto,
kalamu mdomoni.
Bibi akafikiri sana.
"Upepo ni wa Mungu. Mwandikie nusu."

Ndimu nichume nitakavyo.
Mkanju nisiuguse, una fingo,
na aliyelizika hakusema la nini.

Chumba cha tatu kina kufuli.
"Hicho hukodi."
"Nami nalipia nyumba nzima?"
"Walipa nyumba. Chumba ni changu."
Sikuuliza zaidi. Kwenye ufa wa dirisha nilikwisha kuona
gurudumu la cherehani,
na koti la kiume msumarini, limevishwa nailoni,
mabega bado yamejaa.

Kufuli likashusha bei elfu moja,
stima ikaipandisha mia tano,
popo wakaishusha tena, maana sikuwaachilia.
Ilipofika kumi na tisa tukaiacha ipumue.

"Haya, na wewe? Yepi yako?"
Yangu niliyakariri tangu daraja la Nyali:
asubuhi nisigongewe,
nisiletewe sahani iliyofunikwa kawa,
nisiulizwe nitarudi mjini lini.
"Watu wangapi?"
"Mmoja."
"Vitanda ni vitatu."
"Nitavilalia kwa zamu."

Hakucheka. Aliutazama mkoba wangu,
jinsi ulivyovimba kwa mtu aliyekuja kuangalia tu.
"Hujanambia bwana yuko wapi."
"Kibokoni. Ana duka, ana dada zake wanne,
ana chakula cha siku tatu kwenye friji."
"Akupiga?"
"La."
"Akunyima?"
"La."
"Basi ana nini?"

Neno hilo sikulikariri darajani.
"Ana sauti," nikasema. "Miaka ishirini na saba
naulizwa mimi, yajibu yeye.
Hata daktari, nikiulizwa wapi paniuma."

Kuku akapanda barazani, asifukuzwe.
Bi Zuhura alinyamaza, shingo ameipindisha
upande wa chumba cha tatu,
kama anayengoja kuona
kama humo kuna atakayemjibia.

"Bakhitani, andika.
Bwana wa mpangaji akija, ataketi hapa, kwenye jamvi.
Atapewa maji ya Kadzo, si ya kisima.
Mlango ataufungua mpangaji, akitaka."

Mtoto akaandika polepole, ulimi nje.
"Na asipotaka?"
"Weka nukta."

Akaiweka kubwa, ikatoboa ukurasa.

Kisha tukarudi kwenye amana:
yeye ataka miezi miwili,
mimi nimeshika mmoja,
na jua lingali juu, na hakuna aliyechoka.