Akina Teila wa Mina al-Fahal

Kwenye visanduku vyangu vya barua wamo Teila watatu.
Mmoja mchimba visima, uso umebabuka kwa jua la Fahud;
mmoja daktari wa meno;
wa tatu sijui kazi yake, ila mamaye
humwandikia kila Jumanne, mwandiko uliolala.
Nachanganya barua zao, hawaoni tabu.

Nilipoambiwa maana ya jina nilicheka peke yangu:
fundi cherehani! Na hakuna kati yao
ajuaye kutunga uzi sindanoni.

Jana yule wa visima kaja na kifungo mkononi,
shati wazi, kama mtoto.
Nikamshonea palepale, kwa uzi wa buluu,
mweupe sikuwa nao.
Nikaukata kwa meno, kama babu
aliyeshona kanzu Mkunazini miaka arubaini,
asiitwe chochote ila Fundi.

Ruwi, ofisi ya vitambulisho, waliniuliza: wewe wa nani?
Nikataja kabila, bonde, mnara uliobomoka
ambao sijauona.
Karani akaandika. Hakuuliza cherehani.

“Na wewe jina lako nani?” Teila akipapasa kifungo.
Nikamwambia lile la kwenye karatasi.
Likamshinda kutamka.
Kifungo, lakini, kimekaa.